Msiinue Kila Guu Lililovimba

Juzi nilikwenda kumtazama jirani yetu wa Langoni aliyelazwa. Mzee alikuwa nahodha enzi zake, sukari anayo miaka mingi, na sigara ameiacha majuzi tu baada ya wanawe kumnyang'anya. Ana kidonda kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kidogo, kikavu, kimechimbika. Guu lenyewe limevimba mpaka kwenye kifundo. Nikakuta limepandishwa juu ya mito miwili, na mwanafunzi wa uuguzi amesimama pembeni akimsihi asiliteremshe. Kila kijana akigeuka, mzee huliteremsha.

"Mwanangu, likiwa juu lanichoma. Hulining'iniza ndipo nikapata lepe la usingizi."

Kijana hakumjibu, aliandika. Nikachungulia faili. Najua si adabu, lakini wodi haimtoki mtu kwa kustaafu. Alikuwa ameandika: "Mgonjwa hafuati maagizo."

Hafuati maagizo! Mzee wa watu amempa ugonjwa mzima mkononi, kwa maneno yake mwenyewe, bila kudai hata shilingi ya maabara, naye amemwandika mkaidi. Nikaugusa unyayo. Baridi, na joto hili la Lamu mnalijua. Nikatafuta mapigo juu ya unyayo, sikuyapata. Nyuma ya kifundo cha ndani, sikuyapata. Mguu wa pili yalikuwepo, dhaifu. Ateri, mshipa unaoleta damu mguuni, imeziba au inakaribia kuziba, na ile damu kidogo inayofika kidoleni inafika kwa sababu mguu unaning'inia. Ukiuinua umemnyima hata hiyo. Uvimbe uliomdanganya kijana umetokana na huko huko kuning'iniza: mtu akilala hivyo usiku baada ya usiku, maji hutuama chini. Na mezani palikuwa na bandeji ya kubana, imeshatolewa kwenye karatasi yake, inangoja kufungwa.

Simlaumu kijana. Haya, nilimlaumu kidogo, kwa sauti, mpaka kitanda cha pili wakageuka. Kisha nikamuuliza amefundishwa nini, akanifungulia simu yake nikaziona slaidi za darasani. Jedwali la safu mbili, ateri upande huu, vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, upande ule. Halina kosa. Halafu picha. Miguu ya Wazungu mitupu, mmoja baada ya mwingine. Ateri: ngozi hupauka ikiinuliwa na huwa nyekundu ikiteremshwa. Vena: ngozi hugeuka kahawia kuzunguka kifundo.

Sasa niambieni, ngozi ya kahawia kuzunguka kifundo, hapa Amu, ni dalili ya nini? Ni dalili kwamba mtu amezaliwa.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na msiniambie ni jambo dogo la picha. Ngozi yetu haipauki ikawa nyeupe. Hufifia ikawa na rangi ya jivu. Wekundu wa kitabuni kwetu huwa zambarau au weusi uliozidi, na huuoni mpaka uulinganishe mguu na mwenziwe, mchana, mbele ya dirisha, si chini ya ile taa ya wodi inayomfanya kila mtu aonekane maiti. Damu iliyovuja kutoka kwenye vena huacha weusi mzito juu ya kifundo cha ndani, na ngozi pale hukakamaa ukiibonyeza. Mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta wekundu atatazama mguu unaokufa na kuandika "ngozi ya kawaida".

Utasema atazame nyayo na kucha. Mnamwambia nani hivyo katika mji wa hina? Mama aliyetoka harusini ana hina mpaka kwenye kifundo na piko juu yake. Kitabu kinasema bonyeza ukucha, uachie, uhesabu, damu irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ukucha wenyewe ni mwekundu tangu Idi. Basi bonyeza nyama ya ncha ya kidole, na kama nayo imetiwa hina achana na rangi kabisa, tumia mgongo wa mkono wako. Uanzie gotini ushuke taratibu, mguu huu na ule kwa pamoja, utapahisi pale joto linapokatika. Kipimo hiki hakina umeme wala risiti, na hakuna slaidi hata moja niliyoiona inayokitaja.

Kisha mapigo. Nilimwambia kijana anitafutie mapigo ya mguu wake mwenyewe. Alihangaika. Amefaulu mtihani wa magonjwa ya mishipa ya damu, anazijua kwa moyo zile dalili za mguu uliozibika ghafla: maumivu, kupauka, kukosa mapigo, ganzi, kupooza, baridi. Anazitaja kwa Kiingereza kwa mpangilio wake bila kupumua. Lakini vidole vyake havijui mshipa ulipo. Ni sawa na nahodha anayeijua dira kwa jina na hajawahi kushika usukani. Mapigo ya juu ya unyayo ni kazi ya vidole vitatu na subira. Ukigandamiza sana unayaua, ukiharakisha unasikia mapigo ya vidole vyako mwenyewe. Tena wako watu wazima wa afya ambao mshipa ule wa juu haushikiki, ndivyo walivyoumbwa, na ndiyo maana hutoki pale bila kugusa nyuma ya kifundo. Haya mtu huyajua kwa kugusa miguu mingi, mizima na mibovu. Kwa nini basi mwanafunzi anamaliza zamu yake wodini na hakuna aliyemtaka aguse hata mitano?

Hata kile kipimo cha heshima, uwiano wa presha ya kifundo na ya mkono, kinahitaji mashine ya presha ya kawaida na kidopla cha mkononi, kile kifaa kidogo cha kusikilizia damu ikipita mshipani. Unachukua namba ya juu ya presha kifundoni, unaigawa kwa namba ya juu ya presha mkononi. Mkono 140, kifundo 70, umepata 0.5, na hapo bandeji ya kubana haigusi mguu huo. Kuanzia 0.9 kushuka, ateri ina tatizo. Ikizidi 1.4 usishangilie, hasa kwa mwenye sukari: mishipa imekakamaa haibanwi, na namba inakudanganya. Kidonda cha vena, kile kipana, chenye majimaji, juu ya kifundo cha ndani, hicho kinapona kwa kubanwa na kuinuliwa, na bandeji ile ile ndiyo dawa yake. Bandeji moja, miguu miwili tofauti, mmoja unaponywa na mwingine unakatwa. Kama kuna somo la kufundishwa kwa mikono kabla ya slaidi, ni hili.

Najua wakufunzi mtanijibu. Wanafunzi ni wengi, saa ni chache, vitabu ni vile vilivyopo, na mtihani unauliza maneno ya vitabu. Sawa. Nimefundisha wodini, najua hali, na wengine wenu mnafanya miujiza kwa chaki na sauti. Lakini mmoja alinijibu kwamba "ngozi nyeusi watajifunza kazini". Kazini ni wapi, bwana? Kazini ndiko alikolazwa jirani yangu.

Na si wazee wenye sukari peke yao. Wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua ndizo hatari zaidi kwa damu kuganda kwenye vena za mguu. Sisi huku, wiki hizo hizo, mzazi yuko ndani anatimiza arubaini. Sisemi vibaya arubaini, nimeikaa na naipenda. Uji wa moto, maji ya moto, watu wanakuhudumia, nani ataikataa? Ila mzazi asilazwe tu. Anyanyuke, atembee uani, anywe maji. Na likitokea guu moja kuvimba, hasa la kushoto, lina joto, linauma kwenye shavu la mguu au pajani, asiitwe mkandaji. Pande la damu likisuguliwa linaweza kung'oka likapanda mapafuni, na hapo hatuzungumzi tena habari ya mguu. Mwanafunzi anayetoka chuoni bila kujua arubaini ni nini atamwambia mzazi "usikandwe" na kuondoka. Bibi mkandaji atasubiri afike mlangoni, kisha alete mafuta. Mfundisheni azungumze na bibi kwanza, amwamkie, akae, amweleze ni guu lipi la kukanda na lipi la kupeleka hospitali siku hiyo hiyo. Bibi akielewa, atakuletea wagonjwa kuliko kampeni yoyote ya redio.

Mengine nitayasema mbio. Ile dalili ya kukunja unyayo ili kutafuta damu iliyoganda, iacheni: wengi wanaumia na hawana kitu, wengine wana pande zima na hawaumii. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiambiwe aache mchicha na kisamvu, aambiwe ale kiasi kile kile, asile jungu zima Ijumaa kisha akakaa wiki bila. Mwenye ateri nyembamba anayeumwa na mashavu ya miguu akitembea, dawa yake mojawapo ni kutembea: mpaka iume, apumzike, aendelee, nusu saa au zaidi, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu hivi. Mji wetu wa miguu na punda umekwisha kumwandalia njia. Na mguu ukiwa baridi ghafla usingoje kesho. Saa 6 za kwanza ndizo za kuuokoa, na mtu wa Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, anazianza akiwa bado anatafuta boti.

Halafu kuna udhu. Mwenye sukari wa Ulaya anabembelezwa atazame miguu yake mara moja kwa siku na hatazami. Mgonjwa wetu anaosha miguu mara tano, anapitisha kidole katikati ya vidole, na hakuna muuguzi aliyewahi kumwambia: hapo hapo, shekhe, tazama kama pana lengelenge au mkwaruzo, na ukimaliza pakaushe. Itamgharimu nini? Lakini slaidi imetoka mahali ambapo hawatawadhi.

Basi ombi langu kwa chuo chochote kinacholeta vijana huku. Siku moja ya zamu wapelekeni barazani baada ya Alasiri, pale wazee wanapokunywa kahawa. Waombe ruhusa, wavue wazee makubadhi, washike mapigo, miguu yote miwili, waandike. Kidopla kimoja kipite kwa zamu. Wazee watacheka na kuwatania, watawauliza wameoa au bado, na watakubali. Kina mama wapo uani, waende wasichana. Mkikosa wa kuanza naye, mimi nipo Langoni. Mguu wangu wa kushoto hauna mapigo ya juu ya unyayo na haujawahi kuwa nayo, na nitawafelisha wote watakaosema wameyasikia.