Hadiwea na Jumapili

Jamani hapa Kisumu mfereji ukiharibika Jumapili umekwisha. Hadiwea, yaani maduka ya vifaa vya ujenzi na mabomba, karibu zote mtaani kwetu zimefungwa, na hizo chache zinafungua saa nane watu wakishatoka kanisani halafu kabla hujafika kumi na moja mlango umeshashushwa, sasa sisi tunaoingia kazi Jumatatu mpaka Jumamosi tununue vitu lini? Na msiniambie ati siku ya Bwana, si soko la Kibuye hiyo Jumapili ndiyo hujaa zaidi, mitumba, samaki, kuku, mpaka makochi. Sisemi wafanyakazi wasipumzike, wapeane zamu tu, Wasabato huku kwetu si wako wengi, wao wapumzike Jumamosi wafungue Jumapili. Fundi Jumapili anapatikana, ni vifaa hakuna!