Mume akifa, mke anapata wakili; mume akipona, hapati

Sheria yetu ya Kenya ina kioja. Mwanamke wa Nyalenda, Kisumu, aliyechoka kupigwa akimmwagia mumewe mafuta ya moto, na mume akafa, kesi ni ya mauaji. Inakwenda Mahakama Kuu, naye anateuliwa wakili anayelipwa na serikali. Mume akipona, kosa ni kujeruhi vibaya: kesi iko kwa hakimu, kifungo chaweza kuwa cha maisha, na mara nyingi mama anasimama kizimbani peke yake. Ibara ya 50 ya Katiba inaahidi wakili pale haki itakapopotea bila yeye, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamruhusu kuomba. Nani atamwambia hayo kabla hajajibu "ni kweli", yaani kukiri kosa?

Wanaopinga wanawake hawa kupewa wakili si watu wabaya. Keti matangani umsikie mama wa marehemu: mwanangu naye atetewe na nani? Maiti hajibu tuhuma. Hoja hiyo ina uzito, na kwangu ndiyo inayodai wakili zaidi. Kipigo cha miaka huacha alama: fomu ya P3 ya polisi ambamo daktari huandika majeraha, OB (kitabu cha matukio) ya kituo, daftari la zahanati, chifu aliyewapatanisha mara tatu akawarudisha nyumbani. Aliye rumande hawezi kuzifuata karatasi hizo. Zisipopatikana, tunabaki na neno lake tu, na hapo familia ya marehemu ina haki ya kutoliamini.

Kuna ugumu mwingine. Ili kosa lishuke kutoka mauaji hadi kuua bila kukusudia, vifungu vya 207 na 208 vya Kanuni ya Adhabu vinataka hasira ya papo hapo, kama ya walevi wa chang'aa. Aliyesubiri mume alale, mwendesha mashtaka atasema alipanga. Nakubali nusu: mahakama haiwezi kuhalalisha kumuua aliyelala. Lakini adhabu ni jambo jingine. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, 2017, jaji halazimiki tena kumhukumu muuaji kifo. Mwaka 2021, huko Siaya, mama aliyemuua mumewe alipewa kifungo cha siku moja, kwa kuwa jaji aliyasikia mateso yake.

Mawakili wa kujitolea wakimfikia gerezani, huenda zile siku 14 za kukata rufaa zimeshapita. Mimi ningewatuma kituo cha polisi, usiku ule anapoandikisha maelezo na leso ingali na damu.