Wastaafu wenzangu, tusisafiri kwa misiba tu

Mstaafu wa Moshi akionekana stendi na begi, swali la kwanza ni "Nani amefariki?" Kama amependeza kidogo, basi wataulizia harusi. Hakuna anayefikiria kwamba mama aliyevuka sitini anaweza kukata tiketi ya Kondoa kwa sababu tu hajawahi kufika Kondoa. Tulipokuwa kazini tulihamishwa huku na huko kwa barua za serikali. Leo tumestaafu, tumekuwa watu wa vikao vya msiba, jumuiya na kulea wajukuu. Mimi nasema tuitembee nchi, na tuitembee kwa basi na treni.

Watoto hawapendi. Wangu wimbo wake ni mmoja: "Mama, si upande tu ndege pale KIA? Saa moja uko Dar." Nashukuru kwa moyo wake na kwa hela yake. Ila nikiwa juu ya mawingu, Same nitaiona saa ngapi? Yeye ana haraka, kesho ana kikao. Mimi nilichobakiwa nacho kwa wingi ni muda, na sioni kwa nini niutumie kwa ubahili.

Mzunguko ninaowashauri wenzangu waanze nao ni huu: Moshi hadi Arusha, kisha basi la Babati na Kondoa hadi Dodoma, halafu treni ya umeme mpaka Dar es Salaam, na kurudi nyumbani kwa treni ya usiku. Barabara ya Arusha kwenda Dodoma sasa ni lami yote. Omba siti ya upande wa kulia: jua la asubuhi linabaki kushoto, na upande wako ndio wa Ziwa Manyara. Lala Babati, usijifanye ngangari. Kesho yake shuka Kolo, kabla hujafika Kondoa mjini, ukaone michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Watu na wanyama wamechorwa kwa rangi nyekundu juu ya mawe, na mpaka uwaone unapanda kilima kwa miguu yako. Chukua fimbo, chukua mwongoza wageni wa pale pale, panda taratibu. Sisi wa Kilimanjaro tumezoea kuona wageni wenye mvi wakishuka kwenye magari kuja kupanda mlima wetu, na wala hatuwashangai. Tunashangaana wenyewe.

Sasa niseme lile ambalo wazee hawalisemi mbele ya watu. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo mtanisamehe. Kinachowazuia wengi wetu kupanda basi ni haja ndogo. Basi likisimama porini kuchimba dawa, vijana wanaruka chini na kumaliza kwa dakika mbili. Mama mwenye magoti mabovu achuchumae wapi? Mzee mwenye tezi dume ndiyo kwanza anaanza, na dereva keshapiga honi. Kwa hiyo wanajitengenezea dawa yao ya kienyeji: tangu jana yake hawanywi maji, na asubuhi ya safari kile kidonge cha presha kinachokimbiza mkojo wanakiacha nyumbani. Wanafika stendi ya Mbezi kule Dar midomo imekauka, miguu imejaa, kichwa kinagonga. Halafu wanasema safari imewachosha.

Jamani, msifanye hivyo. Nenda kwa daktari wako kabla ya safari, mwulize saa ya kumeza kidonge hicho inaweza kusogezwa vipi. Maji kunywa, kidogo kidogo. Dawa zako, na hasa insulini, usikubali ziingie kwenye buti. Na ukipanda tu, kabla gari halijaondoka, ongea na konda. Mimi husema hivi: "Mwanangu, bibi yako ana sukari. Nikikuomba tusimame, usinibishie." Sijapata konda aliyenijibu vibaya. Mmoja alinihamisha kutoka siti ya nyuma kabisa, kule kunakorusha, akaniweka karibu na mlango, akaniambia, "Bibi, ukianza kusikia tu, nishtue. Usisubiri kubanwa." Na ilipofika sheli yenye choo cha kukaa, akasimamisha gari bila hata kuombwa.

Hapo ndipo treni inapolishinda basi kwa mbali. Choo kiko hatua chache, unainuka, unanyoosha miguu, damu inatembea. Mguu wa mzee ukikunjwa saa nane mfululizo unavimba, na damu inaweza kuganda ndani ya mishipa. Ile ya umeme ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na kwa saa tatu na nusu hivi uko Dar, tena unashukia mjini badala ya Mbezi Luis. Nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Ukaguzi wake ni kama wa uwanja wa ndege, kwa hiyo wahi, na kitambulisho usikisahau. Tiketi mwambie mjukuu akukatie kwenye simu, ndiyo kazi yao.

Ya kurudi ni ile reli yetu ya zamani, yenye upana wa mita moja. Wajerumani waliianzia Tanga, ikafika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Arusha mwaka 1929. Rika langu tunaikumbuka kwa waranti za shule, zile hati za safari za wanafunzi: sanduku la bati, chapati za mama, na kelele za stesheni ya Korogwe usiku. Halafu ikaacha kubeba abiria kwa zaidi ya miaka ishirini, tukaamini imekufa. Ikarudi Moshi Desemba 2019, Arusha mwaka uliofuata. Kata behewa la kulala. Haiendi kila siku na ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizia stesheni kwanza, na usiipande kama kuna harusi ya kuwahi. Alfajiri kaa upande wa kulia, Milima ya Upare iko huko.

Mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu 2023. Mimi siyapandi. Sioni chochote nje, silali, na roho iko juu kila lori linapokuja mbele. Mwenye mgonjwa apande, anayetembea kwa raha asubiri kukuche.

Nina neno moja na wakubwa wanaopanga nauli. Mtoto analipa nusu. Hospitali kuna dirisha la wazee, na tunashukuru. Lakini kwenye tiketi, mvi zangu hazijawahi kunipunguzia hata shilingi mia. Siti za katikati ya wiki, wakati wafanyakazi wako maofisini, hujaa mara chache. Tupeni hizo kwa bei ya chini kuanzia miaka 60, muone kama hatutazijaza. Desemba hatuwasumbui, Desemba tunajua watoto wanarudi nyumbani na kila siti ina mwenyewe.

Safari ijayo ni Mbeya. Shoga yangu wa kwaya anataka twende kwa basi kupitia Mikumi na Iringa, anasema ataona tembo bila kulipa kiingilio. Mimi nataka treni ya TAZARA, nipite kwenye mahandaki na madaraja ya kati ya Mlimba na Makambako mchana kweupe. Tumekubaliana kwenda kwa kimoja na kurudi kwa kingine. Tunachobishania sasa ni kipi kitangulie.