Kipa wangu kalala golini

Wiki tatu zilizopita kipa wangu alilala golini. Sisemi alilala kwa maana ya watangazaji wetu, kwamba mpira ulimpita akiutazama. Alilala usingizi. Aliegemea mlingoti wa goli, akateremka nao taratibu mpaka akakaa chini, glavu zake zikamwangukia mapajani (ni glavu za bodaboda zilizokatwa vidole, lakini kwake ni glavu), kichwa kikaenda upande. Wakati huo mpira ulikuwa kwa wenzetu. Ulipogeuka, mshambuliaji wao mmoja akafika golini peke yake, akasimama, akamtazama, kisha akausukuma wavuni polepole kwa mguu wa ndani, kama mtu anayepita chumba chenye mgonjwa.

Uwanja mzima ulicheka. Na mimi nilicheka, nisijifanye mtakatifu hapa. Kocha mwenzangu akapaza sauti: "Wee kipa! Umelala?"

"Sijalala, kocha. Nilifumba macho tu."

Ana miaka tisa, yuko darasa la nne. Mama yake, ambaye huja kila mechi na chupa ya uji, hakucheka. Mechi ilipokwisha nikamfuata kumuuliza kama mtoto anaumwa.

"Haumwi, kocha. Jana gari limemshusha saa moja na nusu usiku, foleni. Ameoga, amekula, homuweki mpaka saa nne. Gari linampitia saa kumi na robo alfajiri, yeye ndiye wa kwanza kwenye ruti."

Nikasema, dada yangu, lakini leo si Jumamosi?

"Darasa la nne wana mtihani kila Jumamosi. Katoka huko ndiyo kaja hapa."

Nilinyamaza. Halafu nikafanya kitu ambacho mke wangu ameniambia ni dalili ya kuzeeka: Jumatatu yake niliamka saa kumi kasoro, nikaenda kusimama pale njia panda, Kimara, nione kwa macho. Giza. Mbwa wawili. Mama wa vitumbua, ambaye siku zote nimedhani ndiye mtu wa kwanza kuamka mtaani, alikuwa hata hajawasha jiko. Kipa wangu akaja ameshikwa mkono na mama yake, begi mgongoni kubwa kuliko mgongo, viatu safi, macho yamefungwa kabisa. Anatembea amelala. Gari likaja, matroni akafungua mlango, akampokea kama anavyopokelewa mzigo wa sokoni, akamweka siti ya dirishani. Shule yenyewe masomo yanaanza saa moja na nusu. Katikati hapo mtoto anazungushwa mitaani kwa zaidi ya saa nzima kuokota wenzake, halafu anakaa darasani kusubiri kengele. Anawahishwa ili akasubiri!

Mama huyo akaniambia yeye ni afadhali, jirani yake humvalisha binti sare ya shule usiku kabla hajalala, ili asubuhi iwe kuvaa viatu tu.

Sasa tufanye hesabu, maana shule hizi zinajisifu kwa hesabu. Mtoto analala saa nne usiku, anaamshwa saa kumi kasoro robo. Hayo ni masaa matano na dakika arobaini na tano. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walitoa mwongozo wao mwaka 2016: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji masaa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 anahitaji 8 hadi 10. Tuchukue tisa, kile kiwango cha chini kabisa. Kipa wangu anadaiwa zaidi ya masaa matatu kila siku. Ijumaa jioni deni limepita masaa kumi na sita. Jumamosi, siku ya kulipa, anaamshwa tena akafanye mtihani. Kisha mimi nampanga golini na kumwambia "amka".

Na deni hilo si la macho mekundu tu. Homoni ya ukuaji mwilini hutoka kwa wingi zaidi katika usingizi ule mzito wa mwanzo wa usiku, ndiyo maana bibi zetu walisema mtoto hukua akiwa amelala. Walikuwa sahihi bila maabara. Na alichofundishwa mchana, ubongo hukipanga na kukihifadhi usiku. Kwa hiyo mtoto anayekatwa usingizi ili asome zaidi ni kama ndoo unayoijaza huku umeitoboa chini. Ukija kwenye mpira wenyewe, kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uliowafuatilia wanamichezo wa umri wa shule 112: waliokuwa wakilala chini ya masaa nane walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 kuliko wenzao. Nikikumbuka magoti na vifundo vya miguu nilivyovifunga bandeji miaka hii sita kwenye kiwanja chetu cha vumbi, huku nikilaumu viatu, najisikia vibaya.

Lakini nadhani ugonjwa wetu umeanzia mdomoni. Sikiliza Kiswahili chetu cha mpira. Beki kalala. Timu imelala. Refa amelala. Nje ya uwanja ni vilevile: mtu mjinga "amelala", aliyechelewa mambo ya mjini "kalala huyo", kiongozi asiyefanya kazi "amelala usingizi wa pono". Hatuna sifa hata moja ya mtu aliyelala, isipokuwa marehemu, huyo tunamwambia alale pema. Tena siku hizi tuna wahamasishaji kwenye simu, kijana kavaa suti, nyuma yake gari ambalo sina hakika kama ni lake, anatuambia maskini ndiye anayelala masaa manane. Kaka, wanaume wanaolala masaa matatu mtaani kwangu ni walinzi wa getini na wabeba zege. Mbona sijawaona kwenye orodha ya matajiri?

Wazee walituachia methali, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Ni methali ya ujanja, najua, haihusu watoto. Ila nikitazama watu wazima wanaomwamsha mtoto saa kumi usiku kisha wao wanarudi kitandani mpaka saa moja, naona imewahusu.

Wenzetu waliacha utani huu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mwingereza mmoja, Nick Littlehales, mtu wa biashara ya magodoro, aliwaandikia Manchester United kuwauliza wanafanya nini kuhusu usingizi wa wachezaji. Klabu nyingine ingechana barua. Kocha wao, Alex Ferguson, akamwita. Muuza magodoro akageuka kocha wa usingizi, na baadaye timu kubwa nyingine zikamtafuta. Kule Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2011 walitoa matokeo ya wachezaji 11 wa mpira wa kikapu walioambiwa wakae kitandani masaa kumi kila usiku kwa wiki kadhaa. Hakuna dawa, hakuna mazoezi mapya, kulala tu. Mbio zao zikaongezeka kasi, na mitupo yao huru ikawa bora kwa asilimia 9. Sisi tunatafuta asilimia hizo kwa mganga.

Kisha tunalia kila timu ya taifa ya vijana ikitolewa. Mwaka 2019 tuliandaa AFCON ya chini ya miaka 17 hapahapa Dar, tukawafunga Nigeria mabao manne siku ya ufunguzi, wao wakatufunga matano. Siku nzima redioni ilikuwa ni pumzi, lishe, umri wa kweli, benchi la ufundi. Sisemi vijana wale walikosa usingizi, sijui walilala vipi. Nasema katika masaa yote yale ya uchambuzi sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza vijana wetu wanakulia usiku wa namna gani.

Na maendeleo pia. Azimio la Arusha lilisema ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Watu wametajwa kwanza kabisa. Umoja wa Mataifa nao tangu 1990 unatupima kwa ile fahirisi ya maendeleo ya binadamu aliyoianzisha Mahbub ul Haq wa Pakistani: umri wa kuishi, elimu, kipato. Naiheshimu, ni afadhali mara mia kuliko kuhesabu pato la taifa peke yake. Ila elimu mle inapimwa kwa miaka ya kukaa shuleni. Kipa wangu ameshahesabiwa. Yumo, miaka yake minne ya msingi ipo kwenye jedwali, na jedwali halina safu ya kuandika kwamba kipindi cha tatu alikuwa ameweka kichwa juu ya daftari la sayansi, udenda unatiririka kwenye mchoro wa mmea.

Haya, najua mtakayosema. Mzazi hana namna, anaondoka nyumbani saa kumi na moja kuwahi daladala, mtoto atamwachia nani? Kweli. Shule nzuri ziko mbali. Kweli, ingawa neno "nzuri" hapo linabeba mizigo mingi. Watoto wa Kiislamu huamka alfajiri kwa swala na hawajafa. Kweli, ila mtoto wa hivyo ninayemjua mimi, wa jirani yangu, akiswali isha analala, hakai na homuweki ya kurasa nane. Na sisi tulitembea kilomita sita kwenda shule. Tulitembea, ndiyo. Tukiwa tumelala saa mbili usiku kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yameisha.

Kosa letu sisi watu wa mpira nalikubali, kwa shingo upande. Baba yake kipa, siku za Uefa, hutoka naye kwenda kibanda umiza. Ulaya wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa kumi, mechi iliyokuwa saa nne usiku inahamia saa tano, na pale kwenye benchi za mbao utakuta watoto wamekaa mbele kabisa, karibu na televisheni, mpaka saa saba. Kiingilio chao nusu. Baba mmoja ana mkeka wa kubeti wa mechi saba anataka mtoto amshikie bahati. Nilishawahi kumpakata mwanangu hivyo hivyo, kwa hiyo sitapaza sauti sana. Ratiba ya Kombe la Dunia la 2026 nayo ina mechi za saa kumi alfajiri kwa saa zetu, wakati uleule gari la shule linapopiga honi. Ashukuriwe Mungu, Juni shule zimefungwa.

Cha kuaibisha ni kwamba hata UEFA, wakubwa wa mpira wa Ulaya, watu wa fedha wale, walitangaza kuisogeza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2026 ya Budapest kutoka saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili jioni kwa saa za kule, na moja ya sababu walizotoa ni familia na watoto. Kwetu hiyo ni saa moja usiku. UEFA wamemwonea huruma kipa wangu kabla ya mwalimu wake mkuu.

Kenya wana kanuni ya tangu 2015 inayosema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi, na bado mwaka 2022 ilibidi Waziri wa Elimu wa wakati huo, Ezekiel Machogu, awakumbushe watu. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2019: sekondari za juu zisianze kabla ya saa mbili na nusu. Kwa hiyo inawezekana kuandikwa. Kutekelezwa ni ugomvi mwingine, lakini sisi hata ugomvi hatujauanza. Mimi naomba jambo moja dogo, gari la shule lisiwe na ruhusa ya kuokota mtoto wa msingi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Likishindwa kumfikisha kwa wakati, basi shule hiyo iko mbali mno na mtoto huyo, na ada haibadilishi ramani.

Nilimpelekea hoja hii mwalimu mmoja wa shule inayohusika, kwa upole, na shikamoo zangu zote. Akanijibu kwamba shule yao iko kwenye kumi bora za wilaya. Nikamuuliza kumi bora ya nini. Akasema nimjulishe nikitaka fomu za kujiunga.

Wiki hii walifunga likizo fupi. Jana, Jumamosi, hakukuwa na mtihani. Kipa akaja uwanjani saa tisa anakimbia, mama yake nyuma na chupa ya uji, na shavuni kwa mtoto kulikuwa na mistari ya mkeka imejichora mpaka karibu na sikio. Nikamuuliza ameamka saa ngapi. "Sijui kocha, nilikuta watu wameshakula mchana." Alipiga kelele mechi nzima, akapanga mabeki wake, akawatukana kidogo, nikamwonya. Alifungwa mawili. La pili alitoka golini bila sababu, akaupisha mpira katikati ya miguu, na nilimfokea kama ninavyomfokea kipa mwingine yeyote.