Cerf wa Berlin: mtaji wake ulikuwa kibali tu?

Mwaka 1822 Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia alimpa kibali cha kufungua jumba la michezo ya kuigiza mtu ambaye wengi Berlin walimjua kama muuza farasi. Jina lake Karl Friedrich Cerf. Alikuwa Myahudi wa kuzaliwa, na wakati wa vita dhidi ya Napoleon, 1813 hadi 1815, alilihudumia jeshi la Urusi akiwa wakala. Jukwaa alikuwa bado hajawahi kuliongoza. Mpaka leo wanaomsimulia wanagawanyika: wapo wanaomwona dalali aliyebebwa na mfalme, na wapo wanaomwona mtu aliyewafungulia mlango wakazi wa kawaida wa jiji.

Wanaomlaumu wana hoja nzito. Kabla ya hapo maonyesho makubwa ya Berlin yalikuwa mikononi mwa kasri, kwa hiyo kibali binafsi kilikuwa lulu. Cerf alipokipata hakuhangaika kujenga mwenyewe, bali alikikabidhi kwa kampuni ya wanahisa, matajiri wa mjini, naye akawa analipwa kila mwaka. Jumba la Königsstadt likafunguliwa Agosti 4, 1824, pale Alexanderplatz, yeye akila matunda ya karatasi yenye mhuri. Kwa nini yeye na si mwingine? Minong'ono ilikuwa mingi, na mimi siigusi. Ila upendeleo usio na maelezo hunuka, awe mpokeaji wake nani.

Kampuni ilianza kwa vishindo. Mwaka 1825 ilimleta Henriette Sontag, mwimbaji wa miaka 19, na Berlin ikapagawa. Mhakiki Ludwig Rellstab aliuandikia kitabu cha dhihaka wazimu huo, akaishia gerezani Spandau. Lakini makofi hayalipi mishahara. Sontag aliondoka, na kufikia 1829 wanahisa walikuwa wamenyoosha mikono.

Hapo ndipo lawama zinapoanza kunilegea. Cerf angeweza kutafuta mnunuzi mwingine. Badala yake alilichukua jumba mwenyewe na kuliendesha hadi alipofariki Novemba 1845, miaka 16. Wasomi na wenye fedha walishindwa pale ambapo mtu waliyemcheka kwa kukosa elimu hakushindwa. Ni kweli alilikuta jengo limesimama na jina limeshavuma, na ukaribu wake na mfalme ulimsaidia. Hata hivyo, watazamaji hawanunui tiketi kwa ajili ya ukaribu wa mtu na mfalme.

Tena alifanya kazi akiwa amefungwa mkono mmoja. Masharti ya kibali yaliziachia majukwaa ya mfalme michezo ya majonzi, na ya Königsstadt yakabaki vichekesho, nyimbo na opera nyepesi. Wakosoaji wanasema ndiyo maana jumba lilijaa upuuzi. Upuuzi ulikuwepo, sibishi. Lakini mwaka 1833 Friedrich Beckmann alipanda jukwaani humo akiwa Nante, hamali anayesimama kwenye kona ya mtaa akisubiri mzigo wa kubeba, anahojiwa na polisi na kujibu kwa lafudhi ile ile ya Berlin waliyoizungumza wasikilizaji. Majumba ya mfalme hayangempa hamali nafasi hiyo. Sidhani Cerf alipanga kuinua utamaduni wa watu wa chini. Alipanga kujaza viti. Kwangu hilo halipunguzi kilichotokea.

Kejeli kuhusu ujinga wake nazipokea kwa tahadhari. Sheria ya 1812 iliwapa Wayahudi wa Prussia uraia, ila kazi za serikali ziliendelea kuwa ngumu kwao kuzipata, na biashara ilikuwa moja ya njia chache. Baadhi ya vicheko hivyo vilikuwa chuki iliyovaa vazi la uhakiki.

Jumba lilifungwa 1851, miaka 6 baada ya kifo chake. Wanaomtetea wanasema nguzo iliondoka. Wanaomlaumu wanasema hakuacha taasisi, aliacha kibali. Kati ya tarehe hizo mbili kuna mapinduzi ya 1848, yaliyoivuruga Berlin nzima, kwa hiyo hakuna upande unaoweza kuutumia mwaka 1851 kama ushahidi wake peke yake.