Wakunga wa Osmon

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kikundi chetu cha marubani wa EVE Online, mchezo wa kompyuta wa vyombo vya angani, aliniuliza, mbele ya wenzake wote, kwa nini ninalipia mchezo wa kupigana na binadamu halafu kutwa ninashinda nikipigana na mashine. Kosa langu lilikuwa kusema kwamba nisingeweza kuungana nao katika msako wa kuwawinda wachezaji wengine usiku ule, kwa kuwa nilikuwa Osmon, moja ya maeneo ya mchezo, katikati ya misheni (kazi ya kupiga mashine kwa malipo) ya daraja la nne ya shirika la mchezoni liitwalo Sisters of EVE, na sikutaka kuitelekeza ikaniharibia sifa kwa wakala wangu, mhusika wa mashine anayenigawia kazi. "Mzee, wewe ni mkulima tu," akaandika, na wengine wakaangusha vicheko. Sikumjibu, maana wakati huo ngao ya manowari yangu ilikuwa imebaki theluthi moja na makombora ya maharamia yalikuwa bado yanakuja. Leo nina nafasi.

Tuanze na chombo alichokuwa akikirusha wakati anaandika maneno hayo. Ni Astero, kile chombo kidogo cheupe chenye michirizi myekundu kilichoingia mchezoni Novemba 2013, chenye uwezo wa kujificha kisionekane kabisa hadi kinapomshukia mtu aliyezama katika shughuli zake. Kijana wetu anakipenda kupita kiasi, na kila akikamata windo hututumia picha. Lakini Astero haiokotwi njiani, wala haichimbwi kwenye miamba. Ramani ya kuiundia hutoka katika duka la Sisters of EVE, na duka lile haliridhiki na ISK, fedha ya mchezo, peke yake. Linadai LP za Sisters wenyewe, yaani pointi za uaminifu, ambazo haziuzwi Jita, soko kuu la mchezo, na wala rubani mmoja hawezi kumhamishia mwenzake. Ili ramani moja itoke, lazima mtu fulani aende kwa wakala, apokee kazi, aruke mageti hadi mahali alipoelekezwa, asafishe uwanja wimbi baada ya wimbi, arudi kituoni kutoa taarifa, kisha aombe kazi nyingine, na nyingine tena, hadi LP zitoshe. Mtu huyo fulani ndiye mkulima. Kifaa cha kurushia vichunguzi anachotumia kijana wetu kuwatafutia watu mahali walipo kina jina la Sisters ubavuni, na kimepita mlango uleule. Sehemu kubwa ya vipandikizi, vile vifaa vya kumwongezea rubani uwezo, alivyochomeka kichwani ili arushe haraka zaidi kuliko mawindo yake imetoka katika maduka ya namna hiyo. Ukimvua kila kilicholetwa duniani na watu wa misheni, atabaki ndani ya kapsuli, kile kijumba cha rubani kinachosalia chombo kikilipuka, anaelea, hana hata bunduki ya kumtishia nzi. Wahenga walikataza kutukana wakunga na uzazi ungalipo, na huyu bwana kila akilipuliwa hurudi Jita kujifungua upya.

Bado hatujagusa upande wa fedha. Wanaotubeza hupenda kudai kwamba sisi tunafurika uchumi kwa ISK za bure, na ninakubali, shingo upande, kwamba malipo ya vichwa vya maharamia ni fedha mpya inayozaliwa pale pale chombo cha adui kinapopasuka. Ila wanasahau nusu ya pili ya habari, au wanajifanya wameisahau. Duka la LP likikupa ramani au kipandikizi, hukata na ISK pia, na ISK hizo haziendi mfukoni mwa mchezaji yeyote. Zinatoweka moja kwa moja. CCP, wenye mchezo kule Reykjavik, waliuchukulia uchumi wao kwa uzito kiasi cha kumwajiri mchumi wa kweli mwaka 2007, Eyjólfur Guðmundsson, na hadi leo hutoa ripoti za kila mwezi zinazoonyesha fedha ilikozaliwa na ilikofia. Fungua mojawapo, tazama upande wa fedha inayokufa, uone maduka ya LP yameandikwa pale. Mkulima huyu unayemcheka anazalisha fedha kwa mkono mmoja na kuizika kwa mkono mwingine, na katikati anakuachia chombo cha kuchezea. Magazeti ya dunia yaliandika sana juu ya vita vya wachezaji katika eneo la B-R5RB vya Januari 2014, ambako Titan 75, vyombo vikubwa kuliko vyote mchezoni, ziliteketea, na kila mtu anapenda kusimulia habari za majemedari wa siku ile. Sijawahi kusoma hata aya moja inayouliza vipandikizi vilivyokuwa katika vichwa vya marubani wale vilitoka wapi.

Sasa niseme na yale yanayoniumiza, kabla hamjanisemea. Misheni zenyewe zimechakaa. Yule binti wa misheni ya "The Damsel in Distress" ametekwa nyara tangu nilipoanza kucheza, na nimemkomboa mara nyingi kiasi kwamba ingekuwa ndoa ningeshamaliza mahari. Haramia Kruul anamteka, mimi ninaenda, ninalibomoa jumba lake la starehe, binti anadondoka kutoka katika mabaki, ninampakia shehenani pamoja na makombora yaliyosalia kama kifurushi cha mizigo, ninamkabidhi. Baada ya siku chache ametekwa tena, na wakala ananisimulia mkasa huo kwa mshtuko uleule, neno kwa neno, kana kwamba hatujawahi kuonana. Mwanzoni nilikuwa nikimwonea huruma yule binti. Siku hizi ninajiuliza kama hana hisa katika jumba lile. CCP wangeweza kuwalipa waandishi wawili kwa mwaka mmoja na kuliondoa tatizo hili, nami sijui wanangoja nini.

Neno "wakala" lenyewe limeniletea mkanganyiko nyumbani. Nilipomwambia mke wangu kwamba ninakwenda mara moja kwa wakala, alinipa simu yake nimtolee hela.

Hata hivyo, anayesema kwamba katika misheni hakuna uamuzi wowote hajawahi kufika mbali katika kazi hii. Wakala wa daraja la nne hakupokei hadi sifa yako ifike 5.0, na hufiki pale kwa kubofya tu. Kila baada ya misheni 16 za daraja moja kwa taifa moja unaitwa kwenye misheni kubwa inayogusa taifa zima, na ukiikamilisha, taifa la Caldari likikupenda zaidi, mahasimu wao Gallente wanakuchukia zaidi. Ukimtumikia bwana mmoja bila kutazama nyuma, siku moja utajikuta huwezi kukatiza anga la nusu ya dunia bila kukimbizwa na askari wa mipakani. Ndiyo maana mimi hukataa kila kazi inayonituma kulipua vyombo vya jeshi la taifa lolote kati ya yale manne makuu ya mchezo. Wakala anakuruhusu kukataa mara moja tu katika saa nne. Ukirudia kabla ya hapo unalipa kwa sifa. Nimewahi kukaa kituoni jioni nzima nikihesabu dakika, huku meza imejaa kazi nisizozitaka, na nikaamua kwenda kulala kuliko kuwapiga Gallente kwa ajili ya bakshishi. Iteni kilimo mkitaka, lakini mkulima huyu anachagua shamba.

Hatari nayo ipo, ila haina picha za kutuma. Miaka michache iliyopita nilikuwa ndani ya misheni ya "The Blockade" na manowari yangu ya aina ya Raven niliyoinunua kwa akiba ya miezi miwili. Kila mkongwe wa kazi hii anajua sheria: viue kwanza vile vyombo vidogo vinavyokunasa, hata kama vikubwa ndivyo vinavyouma. Mimi nikajiona fundi, nikavielekezea makombora vile vikubwa. Ndipo umeme ulipokatika. Mtandao ukipotea, chombo hujaribu chenyewe kuruka kwenda mafichoni, lakini chombo kilichonaswa hakiruki. Nilikaa gizani na kibatari cha simu, nikimtazama paka, nikijua kwa hakika kabisa kinachotokea London iliko seva, sekunde kwa sekunde: ngao, kisha deraya, kisha bodi. Umeme uliporudi nilijikuta ndani ya kapsuli. Bima ilinirudishia sehemu ya gharama, vifaa vingine nikavirudia kwenye mabaki kabla havijafutika, na mwezi uliofuata nikanunua betri ya kuwashia kisambaza mtandao. Hakuna aliyenisifu wala kunipa pole kwenye gumzo la kikundi, kwa sababu aliyeniua alikuwa mashine, na kufa mikononi mwa mashine kumbe hakuhesabiki.

Sitaki kusahau wale wanaonifuata hadi ndani ya misheni kukusanya vyuma chakavu kutoka katika vyombo nilivyovipiga mimi. Sheria ya mchezo inawaruhusu, na sheria ni sheria. Ila angalau wasalimie.

Kwa watu wa rika langu, wenye kazi na watoto na seva inayozimwa kila siku saa nane mchana kwetu kwa matengenezo, siku ya mapumziko mtu ukiwa ndiyo kwanza umekaa, misheni ina jambo jingine moja ambalo msako hauna: mtoto akilia ninasimama, ninakwenda kumbeba, na hakuna watu thelathini wanaoningoja kwenye geti huku wakinitukania mama yangu.

Juzi usiku yule kijana alipoteza Astero yake. Alimshukia mtu aliyeonekana mpweke, kumbe mpweke yule alikuwa na rafiki zake wanne waliojificha jirani. Jana asubuhi nikakuta ujumbe wake wa faragha, safari hii wenye "shikamoo" mbele, akiniuliza kama ninayo nyingine tayari au ramani tu, na kama naweza kumfikiria kwenye bei. Nilikuwa nazo tatu kituoni Osmon, nimezijenga mwenyewe. Nikamwitikia marahaba, nikamtajia bei ya Jita ya siku ile, na nauli ya kuja kuifuata ni juu yake.