Maabara Ikishasema "Si Kipindupindu"

Bakteria Vibrio cholerae ana makundi zaidi ya 200, lakini milipuko ya kipindupindu huletwa na mawili tu: O1 na O139. Mengine huishi pwani na kwenye midomo ya mito, na mara nyingi humharisha mtu siku chache basi. Hatari huja yakiingia kwenye damu.

Si jambo la kufikirika. Joto lilipopanda katika Bahari ya Baltiki mwaka 2014, Sweden na Finland ziliripoti maambukizi 89 ya jamii hii ya bakteria, mengi yakiwa ya makundi hayo yasiyoleta kipindupindu.

Kwenye kipimo cha choo, sahani ya kijani huota madoa ya njano. Mtaalamu huchota doa moja, akalichanganya kwenye kioo na tone la kutambua O1, halafu la O139, akisubiri chembe zigande. Zisipoganda, anaandika "si kipindupindu". Kwa afisa afya anayehofia mlipuko, jibu hilo linatosha. Kwa mgonjwa mwenye homa na ini lenye makovu, halitoshi hata kidogo. Ini ndilo huchuja damu itokayo matumboni; likiharibiwa na homa ya ini B au pombe, sehemu ya damu hupita pembeni bila kuchujwa, na bakteria husambaa mwilini.

Wapo wanaosema tusihangaike na ugonjwa adimu wakati vijiji havina maji safi, na hoja yao ina uzito. Kuotesha damu, yaani kuiweka damu ya mgonjwa kwenye chupa ili bakteria waliomo wakue na kutambuliwa, kunataka chupa maalumu, umeme usiokatika na watu waliofunzwa. Tena seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria ambayo mgonjwa mahututi huchomwa hata kabla ya majibu, kwa kawaida humuua bakteria huyu pia. Kulijua jina lake kutabadilisha nini?

Nakubaliana nao nusu. Kununua kipimo kwa ajili ya bakteria huyu peke yake ni kupoteza fedha. Lakini kuotesha damu si kwa ajili yake peke yake. Utafiti wa hospitali ya Kilifi uliochapishwa 2005 ulionyesha kuwa bakteria kwenye damu walihusika na asilimia 26 ya vifo vya watoto waliolazwa, na waliotawala walikuwa wale wa kawaida kabisa, kama nyumokoki, bakteria wa nimonia. Chupa ileile iliyonunuliwa kwa ajili ya hao humnasa na huyu adimu. Na seftriaksoni tunayoitegemea ikianza kushindwa, tutajuaje bila kuotesha?

Zahanati siidai haya. Hospitali ya mkoa inayolaza wagonjwa wa ini naidai: mwenye homa atolewe damu ya kuotesha kabla ya sindano ya kwanza, aulizwe kama aliingia baharini na kidonda au alikula chaza wabichi, na cheti cha majibu ya maabara kitaje bakteria aliyeota, hata kama si O1.